Mabango ya Zamani ya Visiwa vya Ziwa Victoria: Namna ya Kuyafungua, Kuyapa Tarehe, Kuyasoma na Kuyatunza

Bango la zamani halikuchorwa ili limkumbushe mtu chochote. Lilichorwa ili liuze tiketi ya meli, kiti cha ndege, sabuni au sera ya serikali, na kazi hiyo ikiisha lilitarajiwa kung'olewa ukutani. Thamani yake kwa anayetafuta historia ya Rusinga, Mfangano au Takawiri inatokana na hilo hilo. Mchoraji alikazania bidhaa yake. Mengine yote, yaani umbo la mtumbwi, wavu ulioanikwa, kilima cha nyuma na mavazi ya watu wa gatini, aliyaweka bila kuwazia kwamba siku moja kuna atakayeyachunguza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na karatasi ya namna hiyo tayari: bango la shirika la reli au la ndege, mchoro uliokatwa kwenye gazeti la kale, kalenda ya duka, picha ya kampeni, chati iliyokuwa ukutani mwa zahanati. Anza na karatasi yenyewe, kisha tarehe, kisha picha, ndipo uende kwa wazee. Wengi huanza na picha kwa sababu ndiyo inayovutia, na matokeo yake hadithi nzima ya kisiwa hujengwa juu ya nakala iliyochapwa juzi.

Vifaa na meza

Huhitaji maabara. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ile wanayotumia mafundi saa. Tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti. Rula ya chuma. Penseli ya HB. Brashi pana yenye nywele laini. Karatasi nyeupe za kufyonza maji. Na mita mbili tatu za kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili bila kilainishi. Kalamu ya wino isikaribie meza hata kidogo. Chai pia.

Nawa mikono kwa sabuni, kisha uikaushe kabisa. Glavu za pamba hazifai kwa karatasi, kwani nyuzi zake hunasa kwenye pembe zilizochanika na vidole hupoteza hisia. Ukilihamisha bango, lipitishie kadibodi ngumu chini yake na ubebe kadibodi. Usilishike kwa pembe mbili za juu.

Hatua ya kwanza: kulifungua bila kulivunja

Bango lililokaa miaka mingi limekunjwa kama mkeka huwa limezoea mviringo. Ukilinyoosha kwa nguvu hupasuka kwa mistari sambamba kuanzia ukingoni, na mipasuko hiyo haifichiki tena. Lipe unyevu kidogo kidogo.

Kwanza jaribu rangi. Chovya pamba ya kijitini kwenye maji safi, ikamue, iguse kila rangi mahali padogo pembeni kwa sekunde tano, kisha ukandamize karatasi ya kufyonza. Rangi ikihamia kwenye karatasi, acha hapo hapo; bango hilo halitaki unyevu wowote, lipeleke kwa mtaalamu wa uhifadhi. Acha pia ikiwa karatasi inang'aa kama ya jarida la picha, kwa sababu mng'ao huo hulainika na tabaka hugandana zisiachane tena.

Rangi ikitulia, chukua pipa kubwa la plastiki lenye mfuniko. Weka taulo lililolowa na kukamuliwa chini, juu yake wavu au kichanja cha plastiki kilichoinuka angalau sentimita 8, kisha bango juu ya kichanja likiwa bado limekunjwa. Funika. Kagua kila saa. Karatasi nyingi hulainika kati ya saa 4 na 8, na hakuna sababu ya kuiacha ilale humo usiku kucha: kwa joto la Kisumu, ukungu huanza haraka. Matone yakionekana ndani ya mfuniko, yafute kabla hayajadondoka.

Ikishalainika, ikunjue juu ya karatasi ya kufyonza, funika kwa nyingine, weka plaiwudi na juu yake vitabu vizito. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya dakika 30, kisha baada ya saa 3, kisha kila siku. Liache chini ya uzito kwa siku 5 hadi 7. Ukilitoa siku ya pili kwa sababu linaonekana kavu, kingo zitajipinda kama mawimbi, maana katikati hukauka mwisho.

Vumbi huondolewa kwa brashi, kutoka katikati kwenda nje. Madoa ya maji yaache. Selotepu ya zamani usiibandue, kwani huondoka na picha. Na tafadhali, usipeleke bango kwenye duka la kutia plastiki ya moto. Huduma hiyo ipo kila mtaa wa Kisumu na Nakuru, na ni njia ya uhakika ya kuliua bango: gundi huyeyushwa ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna anayeweza kuitoa baadaye bila kuharibu picha.

Mchaniko mdogo unaweza kuushika mwenyewe kwa gundi ya wanga wa ngano. Loweka kijiko kimoja cha wanga katika vijiko vitano vya maji kwa nusu saa, pika kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30 ukikoroga mfululizo, acha ipoe, ichuje kwenye kitambaa, kisha ipunguze makali kwa maji hadi iwe kama uji mwepesi. Ni wanga ninaosema, si unga wa chapati. Unga una utomvu unaogeuka njano, hukakamaa, na huwaita wadudu. Kama wanga haupatikani dukani, kanda donge la unga wa ngano ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe, tupa donge, acha maji yatulie usiku kucha: wanga ni ule ulioshuka chini. Bandika nyuma ya mchaniko kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani chenye upana wa milimita 8 hadi 10, kilichochanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa makasi ili kingo zake zisiache alama. Kandamiza kwa uzito kwa saa mbili. Gundi hudumu siku tatu nne kwenye friji, ikinuka, tupa.

Hatua ya pili: lilichapwaje?

Hapa ndipo lenzi inapofanya kazi. Tazama sehemu yenye kivuli cha kati, kwa mfano anga au maji, wala si maandishi.

Ukiona mistari iliyochongwa, inayonenepa na kukonda bila kitone chochote, huo ni mchongo wa mbao, njia iliyotawala magazeti ya picha ya London kuanzia miaka ya 1840 hadi mwisho wa karne ya 19. Mbao zake zilitoka kwenye mti mwembamba, hivyo picha kubwa iliundwa kwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja, na wachongaji tofauti waligawana kazi. Tafuta mstari mweupe mwembamba sana unaokata picha wima au mlalo: ndiyo maungio. Kuuona kunasaidia kuthibitisha, na pia kunakufundisha kwamba ziwa lile lilichongwa na watu kadhaa ambao hawakuwahi kuliona.

Chembechembe zisizo na mpangilio, kama alama ya chaki kwenye ukuta wa saruji, ni lithografu, iliyochorwa juu ya jiwe au bamba. Mabango mengi ya usafiri ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yako hivyo, na kila rangi ina utando wake. Vitone vilivyopangwa kwa safu sawasawa, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, ni picha ya vitone, iliyoanza kuenea miaka ya 1880. Vitone vya rangi nne vinavyojipanga kama vijiua ni ofseti ya rangi. Wino mnene uliokaa juu ya karatasi, unaohisika kwa ukucha, ni chapa ya skrini.

Ukiona vumbi la matone madogo mno ya rangi tatu nne, yaliyotawanyika hata ndani ya sehemu inayopaswa kuwa na rangi moja tupu, hiyo ni printa ya kisasa. Bango linaweza kupendeza, lakini si la zamani. Kuna pia wachoraji wa leo wanaobuni mabango mapya ya Ziwa Victoria kwa mtindo wa miaka ya 1930. Kazi hizo ni halali kabisa kama sanaa, ila hazina ushahidi wowote kuhusu kisiwa cha wakati huo.

Kisha zima taa na uwashe tochi ya urujuanimno. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa za kung'arisha karibu na mwaka 1950, na dawa hizo huwaka weupe wa samawati. Karatasi inayowaka hivyo haiwezi kuwa ya 1920. Kinyume chake hakithibitishi: karatasi isiyowaka inaweza kuwa ya jana. Weka karatasi nyeusi chini ya bango wakati wa jaribio, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya unga nacho huwaka na kukuchanganya. Usielekeze tochi machoni.

Pima. Mabango ya Uingereza na makoloni yake yalifuata inchi: 20 kwa 30 (milimita 508 kwa 762), na 25 kwa 40 (milimita 635 kwa 1016) kwa mabango ya reli. Bango linalodaiwa kuwa la 1935 lakini lina milimita 420 kwa 594 kamili ni la kutilia shaka sana, maana hicho ni kipimo cha A2, na vipimo vya A vilizoeleka kwetu miongo kadhaa baadaye. Kwanza hakikisha pambizo hazijakatwa.

Hatua ya tatu: tarehe

Soma kila herufi, hasa zile ndogo kabisa ukingoni chini, ambako mpigachapa huweka jina lake. Ukikuta East African Standard wa Mombasa, uko kabla ya 1910, mwaka gazeti hilo lilipohamia Nairobi. Baada ya hapo pambanua majina ya mashirika, kwa kuwa kila jina lina umri wake.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Jina hilo likitumika kama jina la kawaida la mji, karatasi ni ya miaka ya mwanzo kabisa. British East Africa ni kabla ya 1920, Kenya Colony ni kuanzia hapo hadi 1963. Uganda Railway iligeuka kuwa Kenya and Uganda Railways katikati ya miaka ya 1920, kisha East African Railways and Harbours mwaka 1948. Kwa ndege, Imperial Airways ilikuwepo kuanzia 1924, ikapitisha safari zake Kisumu tangu 1931, na ndege zake za majini zikatua ziwani hapo hapo. Alama yake ya ndege arukaye kwa mabawa, iliyochorwa kwa mistari michache na kuitwa Speedbird, ilibuniwa na Theyre Lee-Elliott mwaka 1932. Bango lenye alama hiyo haliwezi kutangulia mwaka huo. Jina la BOAC, shirika lililoirithi Imperial Airways, ni la 1940 na kuendelea, East African Airways ni kati ya 1946 na 1977, Kenya Airways ni 1977 kuja huku.

Bei husaidia. Rupia ziliisha 1920, florini zikapita kwa muda mfupi, shilingi ikaingia 1921. Kwenye kalenda za maduka tazama simu: msimbo wa 035 kwa Kisumu au 037 kwa Nakuru ni wa zamani kuliko 057 na 051. Anwani yenye 40100 au 20100 ni ya karibuni.

Picha za ukutani za Tom Mboya, ambazo bado zimo katika nyumba nyingi za Rusinga, hupewa tarehe kwa cheo chake. Akitajwa kuwa Waziri wa Kazi, uko 1962 au mwanzoni mwa 1963. Waziri wa Sheria na Katiba, hadi 1964. Waziri wa Mipango ya Uchumi, kati ya hapo na 5 Julai 1969 alipouawa. Nyingi zaidi zilichapwa baada ya mazishi yake kisiwani, kwa hiyo cheo pekee hakitoshi: rudi kwenye karatasi na lenzi.

Andika tarehe mbili kila mara, ya kuchapwa na ya kuchorwa. Wapigachapa walikuwa wakitumia mchoro ule ule kwa miaka, na kalenda ya 1972 inaweza kubeba picha ya 1955.

Hatua ya nne: kuisoma picha

Hatua hii ipe siku nzima.

Anza na swali la nani alikuwa akimuuzia nani nini. Bango maarufu la Uganda Railway la mwanzoni mwa karne ya 20 liliisifu nchi ya juu ya Afrika Mashariki kama mahali pa makabaila wa Ulaya kukimbilia majira ya baridi. Ukijua hivyo hutashangaa kwamba wenyeji hawaonekani, au wanaonekana wakibeba mizigo. Ukimya huo ni habari juu ya mteja. Usiuandike kama habari juu ya nchi.

Onyo hilo hilo ni zito zaidi kwa visiwa. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa kuanzia mwanzo wa karne ya 20, na Visiwa vya Sesse upande wa Uganda vilihamishwa watu wake kwa amri ya serikali ya kikoloni. Mchoro wa wakati huo unaoonyesha ufuo mtulivu usio na nyumba unaweza kuwa unaonyesha mahali palipofagiliwa na kifo na amri, huku maelezo ya chini yakisifu uzuri wa asili. Usiandike kamwe kwamba kisiwa hakikuwa na watu kwa sababu bango halina watu.

Pili, hakikisha picha haijageuzwa kushoto kulia. Mchongo na lithografu hukatwa kinyume, na mchongaji aliyenakili picha moja kwa moja bila kuigeuza alitoa kisiwa kilichopinduliwa. Kagua vifungo vya mashati, herufi kwenye ubavu wa meli na mkono ulioshika kasia. Kipimo bora kuliko vyote ni mstari wa vilima. Chapa nakala, simama Mbita au ndani ya boti ukielekea kisiwani, linganisha. Mgongo wa Ligongo pale Rusinga na kilele cha Kwitutu pale Mfangano havijasogea. Vikikubaliana na mchoro, mchoraji alikuwepo au alikuwa na picha nzuri mbele yake. Visipokubaliana hata baada ya kugeuza, mandhari ni ya kubuni, na hilo uliandike wazi kwenye kumbukumbu.

Tatu, vyombo vya majini. Tenga meli za chuma na mashua. Meli za ziwani zilitengenezwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa kwa reli na kuunganishwa Kisumu. Mojawapo iliitwa kwa jina la kisiwa chenyewe, SS Rusinga, kazi ya Bow, McLachlan wa Paisley muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bango likionyesha meli ya MV Victoria, ni la 1961 au baadaye. Kwa mashua, angalia kama mbao zimeshonwa au zimepigiliwa misumari, pua imeinuka kiasi gani, na tanga limefungwa vipi. Hapa wachoraji hukosea sana. Stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ya mwaka 1935 ina jahazi la Ziwa Victoria, na katika chapa ya kwanza kamba haikugusa tanga. Chapa ya pili ikairekebisha. Ikiwa stempu rasmi ilitoka na tanga lisiloshikwa na kamba, kalenda ya duka isikulazimishe kuamini kila fundo.

Nne, samaki na majani. Mbuta, au sangara kama waitavyo Mwanza, hakuwamo ziwani kabla ya miaka ya 1950, na wingi wake uliobadilisha biashara ya visiwani ni wa miaka ya 1980. Gugu maji lilifika mwishoni mwa miaka hiyo hiyo. Mchoro wa "zamani za kale" wenye mbuta wa kujaza mtumbwi au maua ya zambarau yanayoelea ni wa juzi. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwa matamvua, zilianza kutumika katika ghuba ya Winam mwaka 1905. Kabla ya hapo tarajia migono, mikuki na nyavu za kukokota za mafunjo.

Tano, mlango wa maji kati ya Mbita na Rusinga. Barabara ya mawe iliyouziba ilijengwa miaka ya 1980, na daraja la sasa likaja baadaye. Maji wazi yenye mitumbwi ya kuvusha watu, bila tuta wala daraja, ni ushahidi mzuri wa kabla ya hapo.

Mwisho, maelezo yaliyochapwa. Karatasi za kikoloni ziliwaita watu wote wa upande huu "Kavirondo", na ghuba ya Winam nayo hivyo hivyo, zikiwafuta Wasuba, wenyeji wa visiwa hivi, ndani ya jina moja la jumla. Nakili maneno hayo kama yalivyo, kisha andika chini yake jina sahihi la mahali na la watu. Tahajia za kale kama Mfwangano usizirekebishe kwenye nakala, maana zitakusaidia kutafuta nyaraka nyingine za wakati huo.

Hatua ya tano: kulipiga picha

Ukumbi wa wazi wenye kivuli, saa nne asubuhi, ni bora kuliko taa ya dari. Laza bango, weka rula kando yake, simu iwe sambamba kabisa na karatasi. Picha moja ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 haitoshi kwa bango la inchi 20 kwa 30. Inakupa pikseli zipatazo 130 tu kwa inchi. Ukitaka 300, piga picha 9, safu tatu za tatu, kila moja ikiingiliana na jirani yake kwa asilimia 30, kisha ziunganishe kwa kompyuta. Piga nyuma pia: mihuri, bei ya penseli na alama za gundi mara nyingi zina habari kuliko mbele. Piga moja zaidi ukiwa na tochi iliyolazwa pembeni, ionyeshe mikunjo.

Faili la asili usilibadilishe rangi wala usilitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani hubanwa. Litume kama hati. Jina liwe fupi lisilo na nafasi: RUS-0007-mbele, RUS-0007-nyuma. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba.

Hatua ya sita: kulirudisha kisiwani

Peleka nakala ya A3, si bango lenyewe. Boti ya Mfangano ina maji ya kutosha kuliharibu mara moja. Pita kwanza kwa naibu wa chifu au kwa mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo huo, ueleze unachotafuta. Ukifika bomani, salamu zitangulie na zisiharakishwe: "Jaduong', shikamoo," kwa mzee wa kiume, "Dani, tumekuja kukusikiliza," kwa bibi. Keti unapoonyeshwa. Nakala ikae mikononi mwao muda wanaotaka.

Usitaje tarehe yako kabla hawajasema. Ukisema "hii ni ya 1938," adabu ya mwenyeji itamfanya akubali. Uliza maswali yaliyo wazi: mtumbwi huu ungeuitaje? Unaona nini ambacho hakipo siku hizi? Mchoraji alikaa upande gani? Kuna kitu hapa hakikuwahi kuwepo? Swali hilo la mwisho ndilo huzaa zaidi, kwa sababu wavuvi waliozeeka kazini huona kosa la tanga au la wavu papo hapo. Waulize watu wawili watatu mbalimbali, wanaume na wanawake. Wanawake waliokuwa wakianika na kuuza samaki husoma vikapu, vyungu na nguo ambavyo wanaume huvipita.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na uulize kama jina liandikwe au lisiandikwe. Andika maneno ya Kisuba au Kijaluo kama yalivyotamkwa. Wazee wakipingana, andika kauli zote mbili na usichague mshindi. Ukimaliza, acha nakala kwao, nyingine shuleni. Jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba pale Mfangano, na Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa 1980, ni mahali pa kuuliza kama wanahitaji nakala ya kumbukumbu yako.

Kadi ya kumbukumbu ijazwe siku hiyo hiyo: namba, vipimo, aina ya chapa, maandishi yote neno kwa neno, tarehe mbili na sababu za kila moja, lilipatikana wapi na kwa nani, hali ya karatasi, walichosema wazee, na yasiyojulikana bado. Bango lenye muhuri wa ofisi ya serikali au namba ya faili linaweza kuwa mali ya umma. Waulize Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyo Moi Avenue, Nairobi, kabla ya kulinunua au kuliuza.

Hatua ya saba: kulitunza katika hewa ya ziwa

Adui wa karatasi Kisumu ni unyevu ukichanganyika na joto. Nunua kipima unyevu kidogo cha tarakimu. Asilimia 45 hadi 55 ni salama. Ikipita 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota. Mvua za Machi hadi Mei ndizo za kuangalia. Weka mabango yakiwa yamelala ndani ya jalada la kadibodi isiyo na asidi, kila moja likitengwa na lingine kwa karatasi safi au marekani. Sanduku la bati linafaa, mradi lisikae karibu na dari ya mabati wala kugusa ukuta wa nje, na liinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na mafuriko. Bahasha za plastiki laini zinazonuka usizitumie, huyeyusha wino. Poliesta safi haina shida hiyo.

Bango kubwa lisiloingia sandukuni lizungushiwe juu ya roli, lisikunjwe kuwa roli lenyewe. Wauza kapeti hutupa maroli ya kadibodi yenye kipenyo cha sentimita 10. Lifunike roli kwa foili ya jikoni, kisha marekani, ndipo bango, ndipo marekani tena nje.

Ukikuta vijidudu vya rangi ya fedha au unga laini kwenye mikunjo, funga bango katika mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, lilaze ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mifuko kwa saa 24. Ukiifungua mapema, umande hutanda juu ya karatasi baridi na umejiletea ukungu badala ya wadudu.

Kwa maonyesho ya shule au kanisa, tundika nakala iliyochapwa vizuri na ubakize la asili gizani. Ikilazimu kutundika la asili, liwe mbali na dirisha la magharibi, ndani ya fremu yenye kadibodi inayolitenga na kioo, kwa miezi mitatu tu, kisha lipumzike. Kabla ya kuchapa nakala za kuuza, fanya hesabu ya hakimiliki: kwa sheria ya Kenya, mchoro hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji, na picha ya kamera miaka 50 tangu ilipopigwa au kuchapishwa mara ya kwanza, kwa kuhesabu tarehe iliyo ya mwisho. Usipomjua mchoraji, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo ya kuuliza. Lebo chini ya nakala iwe na mambo manne: nani alichapa, lini, alikuwa akiuza nini, na wazee wa kisiwa wanasema nini juu ya kilichochorwa.